Macho ya Kashata

Usiku wa kuamkia leo nimeota ndoto ambayo mke wangu, Mwajabu, amenikataza kumsimulia mtu yeyote, kwa hiyo nawasimulia ninyi haraka haraka kabla hajarudi kutoka sokoni.

Kwanza mnifahamu. Naitwa Mkumbo, na kazi yangu ni kufundisha mbwa hapa Arusha. Si mbwa wa polisi, wala si mbwa wa kukaa getini. Nafundisha mbwa wa maonyesho, wale wanaoogeshwa kwa shampuu wakachanwa manyoya, halafu wakatembezwa ulingoni mbele ya jaji ili aseme yupi kaumbika vizuri kuliko wenzake. Ndugu zangu wa Singida nikiwaeleza hucheka mpaka wanashika mbavu. Wanauliza mbwa akishashinda anapewa cheo gani. Siku hizi nawaambia nauza viatu.

Mbwa niliye naye sasa ni jike, wa ile aina yenye mstari wa manyoya mgongoni unaolala kinyumenyume, utadhani kuna mtu alimpapasa upande usio wake akasahau kurudishia. Jina lake la maonyesho ni refu na la kizungu, siwezi kulimaliza nikiwa na njaa. Mwajabu alimwona siku ya kwanza, ile rangi yake, akasema huyu ni Kashata, na Kashata ndilo jina analoitikia. Ni mali ya Mama Kileo, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, lakini analala nyuma ya nyumba yangu tangu akiwa mdogo wa kuenea kwenye beseni.

Kazi yote ya ulingoni iko kwenye macho. Mbwa anasimamishwa, miguu minne imekaa sawasawa, kichwa juu, na anatakiwa amkazie macho yule aliyemshika wakati jaji anamfunua meno na kumpapasa kifua na mgongo. Akigeuza kichwa tu, bega linalegea, ule mstari unapinda, na jaji anampita kama hajamwona.

Mimi humfundisha Kashata kwa neno moja, "macho", na kipande cha ini lililochemshwa na kukaushwa, ambacho nakaa nacho shavuni. Ndiyo, mdomoni mwangu mimi. Mwajabu ana maoni yake kuhusu jambo hilo. Lakini ndivyo watu wa kazi hii wanavyofanya, maana mbwa akijua ini liko usoni kwako hana sababu ya kuangalia viatu. Nimemfundishia karibu na mashine ya kusaga, nimemfundishia pembeni ya uwanja wa mpira, hata nyuma ya kanisa kwaya ikifanya mazoezi. Hageuki. Kuna siku paka alipita chini ya pua yake, pole pole, kwa dharau kabisa, na Kashata akaendelea kunikodolea mimi.

Lakini siku ya maonyesho, jaji akimfikia tu, kichwa kinageuka. Kila mara. Anaangalia huko walikokaa watu, anaduwaa, na kazi yetu yote inakwenda na maji. Mimi sijawahi kujua anaangalia nini, na jambo hilo limeninyima usingizi kuliko deni lolote.

Baada ya maonyesho yaliyopita Mama Kileo aliniita dukani kwake. Hakufoka, na bora angefoka. Aliniambia amechoka kuaibika mbele za watu. Kashata akigeuza kichwa safari nyingine, basi, akitoka ulingoni anapelekwa moja kwa moja kwenye godauni la saruji, afungwe mnyororo mlangoni alinde mifuko. Mbwa wangu atakula jasho lake, alisema. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua bila kujua nakwenda wapi. Mbwa aliyekuwepo pale godauni kabla yake nilimfahamu. Alikuwa anakohoa vumbi usiku kucha, na mwisho akawa hamfuati mtu yeyote kwa macho, hata anayemletea chakula.

Maonyesho ya safari nyingine ndiyo ya leo. Sasa mnaelewa nililala na hofu gani.

Basi, nikawa nimo ulingoni. Sikumbuki kufika. Nimevaa suti yangu ya harusi, mkononi nimebandikwa namba ambayo kila nikiisoma inakuwa nyingine, ini liko shavuni, Kashata yuko kushoto kwangu, na kamba niliyomshikia inanisalimia.

"Habari za kazi," kamba ikasema.

Nikasema nzuri.

"Mkono wako umelowa."

Nikasema najua.

"Mimi sina langu," kamba ikasema. "Ninachopewa huku nakifikisha kule, siongezi wala sipunguzi. Sasa hivi nimemwambia kwamba tumekwisha."

Nikaiomba isimwambie mambo ya namna hiyo, mbwa mwenyewe ana moyo mwepesi. Ikanijibu kwa adabu kwamba ombi langu limeshafika pia, pamoja na mtetemeko uliokuwemo ndani yake. Nikamsikia Kashata akimeza mate.

Mara jaji anaingia. Ni pasi ya mkaa. Simaanishi mtu mwenye sura ya pasi, namaanisha pasi yenyewe, ile nzito ya chuma ya mafundi cherehani, inafuka moshi kwenye matundu ya ubavuni, na imevaa tai. Hilo la kuwa pasi halikunisumbua. Iliyonisumbua ni tai, kwa sababu yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani. Juu ya kifuniko alikaa yule jogoo mdogo wa chuma anayezuia mkaa usimwagike, na huyo jogoo ndiye aliyekuwa karani wa ulingo.

Karani akatangaza sheria, kwa sauti ya mtu aliyeitangaza tangu alfajiri akachoka.

"Mbwa amtazame mwenye mbwa. Mzunguko ukiisha, anayetazamwa ndiye mwenye mbwa. Rufaa hakuna."

Nikauliza, je, kama mwenye mbwa hayumo ulingoni, amekaa kule na wageni? Karani akasema mwenye mbwa hawezi kuwa kule, maana akiwa kule si mwenye mbwa. Jaji akatoa moshi kidogo kuonyesha kwamba wameelewana.

Tunakimbia. Tunakimbia kweli, lakini nyasi zinarudi nyuma kila tukikanyaga, kwa hiyo tuko palepale, na jaji anatukaribia bila kusogea. Nasikia joto lake. Sasa yuko juu ya mgongo wa Kashata, anauangalia ule mstari.

"Kuna mkunjo hapa," jaji akasema. "Ninyooshe?"

Nikamwambia hapana, mheshimiwa, huo si mkunjo, huo ndio uzuri wenyewe wa ukoo wao, ukinyoosha hapo hakuna tena mbwa wa kuonyesha. Jaji akasema kila nguo inayoletwa kwake hudai mkunjo wake ni wa kuzaliwa. Akaanza kushuka. Unywele mmoja wa juu ukajikunja kwa moto, nikasikia harufu yake. Nikashikwa na hofu, na kama ninavyofanya siku zote nikishikwa na hofu, nikatupa jicho kule walikokaa watu, kwenye kiti cha Mama Kileo. Kilikuwa kitupu. Nilipoyarudisha macho, Kashata alikuwa amegeuza kichwa anakiangalia kile kiti.

"Mzunguko umeisha," karani akasema.

Kiti kikaja. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kijani, mguu mmoja umeungwa kwa waya, na kilitembea kwa shida. Kikasema hakikutarajia heshima hii. Tangu kitengenezwe hakuna aliyewahi kukitazama, watu wanakuja wanakigeuzia makalio, basi, na leo mbwa mzuri namna hii amekikazia macho mbele ya umma. Kikaniomba kamba.

Nikagoma. Nikasema kiti hakiwezi kufuga mbwa, kitamlisha nini. Kiti kikasema kwamba mimi mwenyewe nalisha mbwa wa watu, na hakuna aliyeniuliza. Jambo hilo liliniuma, nisiwafiche. Karani akasuluhisha kwa kusema kwamba kuna mzunguko wa pili, ila ulingo huu umekodiwa na watu wengine, tuhamie ukumbini.

Watu wakaukunja ulingo kama mkeka, wakautandika ukumbini. Ni ukumbi wa harusi. Mapambo ya zambarau, spika zinaunguruma, mshereheshaji anatangaza kwa furaha kwamba sasa anaingia Mkumbo na mbwa asiye wake. Wageni wanapiga makofi. Mimi natembea kwa mwendo wa bwana harusi kwa sababu muziki hauruhusu mwendo mwingine, na Kashata anatembea pamoja nami, hatua kwa hatua, mtoto wa watu, hajui kosa lake ni lipi.

Meza kuu amekaa Mama Kileo, kilemba kichwani, mikono imetulia juu ya kitambaa. Pembeni yake kuna ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimamishwa kwenye sinia na majani mabichi mdomoni, vile Wachaga wanavyomwandaa kwa ajili ya maharusi. Najiambia, Mkumbo, safari hii usiharibu. Nakaza shingo. Jaji anatujia katikati ya meza, moshi unapanda kwenye mapambo, watu wanafuta machozi wakidhani ni ya furaha. Na mimi nataka kujua kitu kimoja tu, kama Mama Kileo ameridhika. Nikamwangalia mara moja. Mara moja tu.

Kashata akageuka kule kule.

"Nashukuru," ndafu akasema, na majani yakamdondoka mdomoni. Aliongea kwa upole sana. Alisema yeye ni marehemu na hana matumizi makubwa na mbwa, lakini haki ni haki, ametazamwa, na watu wote wameona. Mama Kileo akasema bila kuinua sauti kwamba aliyetazamwa ni yeye, mbwa ni wake, na kama ndafu ana ubishi akatwe masikio wagawiwe wageni. Ndafu akasema masikio yameshaahidiwa upande wa mjomba. Kiti nacho kilikuwa kimefuata, kikasema mzunguko wa kwanza bado unahesabika.

Wakabishana, na mimi nikasimama katikati kama mtoto ambaye wazazi wanagawana vyombo. Mwishowe jaji akasema wanaobishana wanyamaze, kwanza akaguliwe aliyeshika mbwa.

Karani akaniamuru nisimame vizuri. Nikasimama. Akaniambia mguu wa kushoto urudi nyuma kidogo, kidevu juu. Nikatii, na nilijua kabisa jinsi ya kutii, kwa sababu ndivyo ninavyowaambia mbwa. Pasi akanifunua mdomo kwa ncha yake, akaangalia meno ya juu, akaangalia ya chini, akafika shavuni.

"Na huyu nani?" akauliza.

Lile ini likajibu lenyewe. Likasema, samahani, lilikuwa linataka kuongea tangu mwanzo lakini lilikuwa linatafunwa kidogo kidogo. Likasema watu wote hapa wanapoteza muda. Huyu mbwa tangu udogo wake hamtazami Mkumbo. Analitazama shavu la kushoto la Mkumbo, ambamo linakaa ini. Mkumbo ni kabati tu.

Ukumbi mzima ukaguna. Unajua kuambiwa neno ambalo ulikuwa unaliogopa muda mrefu, halafu anayekuambia ni kipande cha ini. Nikamgeukia Kashata nikamwomba aseme yeye, hata neno moja, kama ni mimi au ni ini. Katika ndoto nzima, ambamo hata viti vilikuwa na la kusema, Kashata peke yake ndiye aliyenyamaza, na ndiye pekee niliyetaka kumsikia.

Jaji akasema tutajua sasa hivi. Karani akafungua kifuniko, ini likatumbukizwa kwenye mkaa. Likaungua. Harufu ikajaa ukumbini, wageni wakaanza kuulizia sahani, ndafu mwenyewe akasema harufu ni nzuri. Nikasubiri Kashata ageuze pua kwenye moshi, jicho langu moja likiwa kwa Mama Kileo.

Hakugeuza. Alikuwa bado anaiangalia meza kuu.

"Naomba kusema," kamba ikasema, kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie. "Mimi nimeshika pande zote mbili, naona huku na kule. Huyu hatazami ini. Wala hatazami mbuzi, wala mama. Anatazama unakotazama wewe. Anadhani ndiyo kazi."

Nikaiuliza tangu lini.

"Tangu umfundishe," ikasema. "Mkiwa wawili nyuma ya nyumba, unamtazama yeye, anakutazama wewe. Mkiwa ulingoni, jaji akifika tu, unamtafuta mama. Basi anakusaidia kumtafuta."

Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikumbuka maonyesho yote, moja moja, na katika kila moja nilijiona mimi, shingo nje, namchungulia Mama Kileo kama amekunja uso au hajakunja. Na Kashata chini yangu akifanya kile kile ninachofanya, kwa bidii, mbwa mtiifu kuliko wote Arusha nzima, anaadhibiwa kwa sababu hakosei.

Nikamwambia karani nimeelewa, naomba mzunguko wa mwisho. Karani akasema mzunguko wa mwisho umeshaanza, mbona nimechelewa.

Nikaangalia ukutani. Mapambo ya zambarau yalikuwa mifuko ya saruji. Meza zilikuwa mifuko ya saruji. Spika ilikuwa feni kubwa inayopuliza vumbi. Tuko godauni, geti limefungwa, na ukutani umening'inia mnyororo.

"Karibuni," mnyororo ukasema. "Msiharakishe. Nimeshampima shingo tangu alipoingia, ananienea."

Nikavuta pumzi, nikakohoa vumbi. Nikamsimamisha Kashata, mguu huku, mguu huku, kichwa juu. Mdomoni sina kitu. Nikajiambia kazi ni moja tu, nimtazame yeye. Kazi ya mtoto mdogo. Jaji yuko mwisho wa godauni anakuja, chuma kimekuwa chekundu kwa chini. Na hapo ndipo mlango mdogo ulipofunguka akaingia Mama Kileo, akaja akasimama pembeni yangu, karibu kabisa.

Sasa mtu mzima akiingia utafanya nini? Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia.

Ninyi mnajua hali hiyo. Ukishamwamkia mkubwa, huwezi kuendelea na shughuli zako wakati yeye hajaitika, unabaki hapo umeinamisha kichwa unasubiri. Nimelelewa hivyo, baba yangu angenichapa kwa kosa dogo kuliko hilo. Katika ndoto lilikuwa jambo la mwili kabisa. Shingo ilikuwa imegeukia upande wake ikakwama, na ile shikamoo ilikuwa imening'inia hewani kati yetu, nikiiona, haishuki wala haipokelewi. Nikajaribu kurudisha macho kwa Kashata, yakagoma.

"Shikamoo, mama," nikasema tena.

Ya pili ikaning'inia pembeni ya ile ya kwanza.

"Nakuona, Mkumbo," Mama Kileo akasema. Lakini kuona si kuitika.

Mnyororo ukaanza kujikunjua kutoka ukutani, pete moja moja, bila haraka. Joto la pasi lilikuwa limeshafika. Kwa pembe ya jicho nikaona kichwa cha Kashata kinaanza kugeuka, taratibu, kufuata macho yangu, akitafuta tulichopoteza. Na moyo wangu ukasema wazi kwamba nampenda huyu mbwa. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu. Mbwa si wangu, nilikuwa naona kama wizi.

Nikampa Mama Kileo mgongo.

Huku salamu zangu mbili zimening'inia, hajaitika hata moja, mtu mzima, tena bosi wangu, nikageuka nikamwonyesha mgongo wa suti yangu ya harusi. Shingo ililia kwa mlio wa mlango wenye kutu. Nilisikia nyuma yangu mifuko ya saruji ikishangaa.

"Mkumbo. Unanipa mgongo mimi?"

Sikugeuka. Nikachuchumaa, nikamtazama Kashata. Nikamtazama hasa. Jicho lake la kulia lina doa dogo la rangi ya asali pembeni, na nyusi moja ina unywele mweupe. Nimemlisha kwa mikono yangu na kumwogesha miaka yote hii, na doa lile nilikuwa silijui. Alikuwa anaogopa. Hakuwa anaogopa pasi, alikuwa ananiogopea mimi. Kichwa chake kikasimama katikati ya safari, kikarudi, macho yakapanda mpaka kwenye macho yangu yakakaa hapo.

Pasi ikapita juu ya mgongo wake, karibu kiasi kwamba jasho langu liliungua kabla ya kudondoka, na Kashata hakutikisika. Mama Kileo aliita tena, akaita kwa jina la baba yangu, ambalo sikuwahi kumtajia. Mnyororo ulinigusa kisigino. Kamba ilikuwa imelegea mkononi mwangu, imenyamaza, haina la kufikisha.

Jaji akasimama. Karani akapanua mdomo kutangaza, na kilichotoka mdomoni mwake ni mlio wa simu yangu.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, Mwajabu amekaa ukingoni mwa kitanda, simu kaishika kwa vidole viwili kama kitu kinachochafua. Akaninong'oneza kwamba ni bosi wangu, tena anapiga mara ya pili. Shingo ilikuwa imekaza, siwezi kugeukia upande wa dirisha. Nikaichukua simu nikaiweka sikioni, nikiwa bado natafuta pa kuanzia.

"Marahaba," Mama Kileo akasema.

Nikamtazama Mwajabu. Nikaziba simu kwa kiganja nikamuuliza kama nimemwamkia mtu. Akatikisa kichwa. Alisema hata mdomo sijafungua, nimekaa tu nimekodoa macho.

Kwenye simu nilimsikia Mama Kileo akipumua, pumzi ya mtu mzima aliyelala vibaya. Nikasubiri aniulize gari litakuja saa ngapi kutuchukua, au kama nimeshamweleza msimamizi wa godauni akae tayari kumpokea Kashata. Badala yake akakohoa kidogo, kikohozi cha vumbi.

"Marahaba," akasema tena, ya pili. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mbwa wako ameshakula?"

Nikamwambia bado, mama, ndiyo kwanza naamka, natoka sasa hivi kwenda kumpa. Sikumsahihisha.